MAARIFA YA NYUMBANI: Nywele Laini za Mawimbi Zataka Upepo na Subira

Katika ufuko wa Ziwa Mweru, wilayani Nchelenge, nchini Zambia, iko kazi moja ambayo akina mama wengi huijua tangu utoto wao, nayo ni kuanika chisense. Hao ni samaki wadogo wafananao na dagaa, wavuliwao usiku kwa taa na kutandazwa ufukweni asubuhi. Mwanikaji mzoefu hawarundiki samaki wake, wala hawasuguisugui. Huwatandaza wakaenea, akaliachia jua na upepo kazi yao, huku jicho lake likiyachunga mawingu. Mwenye papara huambulia samaki waliovunjika na kunuka.

Maarifa hayo hayo ndiyo yatakiwayo katika kukausha nywele laini za mawimbi, lakini mara nyingi husahauliwa nyumbani. Mtoto huoshwa kichwa, kisha husuguliwa kwa taulo kama sahani, huchanwa kwa kitana chenye meno ya karibu hadi atoe machozi, halafu husukwa mikia ya kukaza kabla nywele hazijakauka. Baada ya saa mbili nywele huwa timtim. Mama hulaumu nywele, mtoto huchukia kuoshwa, na ugomvi huo hurudi kila juma. Kosa haliko kwenye nywele. Liko katika jinsi zinavyokaushwa.

Ni kweli kwamba wenyeji wengi wa ufuko huo wana nywele za kipilipili. Hata hivyo Mweru ni njia ya watu tangu zamani. Wafanyabiashara wa pwani, wasemao Kiswahili, walikuwa wamekwisha kufika katika nchi ya Kazembe kabla David Livingstone hajaliona ziwa hilo mwezi Novemba 1867. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo, penye miji ya Kilwa na Pweto. Tena tangu mwaka 2018 makazi ya Mantapala, wilayani humo humo Nchelenge, yamewapokea wakimbizi wengi wa Kongo, na kati yao wamo wasemao Kiswahili. Askari na watumishi wengine nao huhamishwa kutoka mikoa ya mbali pamoja na jamaa zao. Mahali penye mchanganyiko kama huo hapakosi nywele za kila namna. Zaidi ya hayo, watoto wengi wa Kiafrika huzaliwa na nywele laini zenye mawimbi, ambazo hujikunja na kukaza baada ya miezi kadhaa. Kwa hiyo hata mama mwenye kipilipili huweza kujikuta akilea kichwa cha namna nyingine.

Yafaa kwanza kuelewa kwa nini nywele hutimka. Unywele umeumbwa kwa protini iitwayo keratini. Kwa nje umefunikwa na magamba membamba sana yaliyopandana kama magamba ya samaki. Magamba hayo yakilala, unywele huteleza na kung'aa. Yakiinuka, kila unywele hukwaruzana na mwenzake, nazo hushikana na kufumuka.

Ndani ya unywele vimo vifungo vidogo vidogo vinavyoshikilia umbo lake. Maji huvifungua vifungo hivyo. Maji yanapotoka, vifungo hujifunga upya katika umbo lile ambalo unywele umekutwa nalo. Nywele zilizopangwa katika mawimbi yake zikaachwa zitulie, hukauka zikiwa na mawimbi. Nywele zinazovurugwa zikiwa katikati ya kukauka, hukauka na vurugu zake. Hewa yenye unyevu nayo hufanya kazi ya maji, ila polepole: unywele mmoja hunywa unyevu kuliko mwingine, ukapinda upande wake peke yake. Nywele nyembamba huonyesha jambo hilo upesi, kwa sababu hazina uzito wa kujilaza. Ndiyo maana kando ya Mweru, ziwa lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 5,000, nywele za namna hii husumbua hasa wakati wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba nywele mbichi ni dhaifu kuliko nywele kavu. Hunyumbuka zikivutwa, na zikizidi kuvutwa hukatika. Chanuo la pupa baada ya kuoga huvunja nywele nyingi, hata kama mama haoni ila vipande vichache sakafuni.

Kazi yenyewe huanzia kwenye maji. Yafaa maji yatekwe na kuletwa nyumbani, wala kichwa kisioshewe ziwani. Huko kuna hatari ya mamba na ya kichocho, ambacho vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu. Maji yaliyochotwa bila konokono, yakawekwa siku 2 nzima katika chombo safi chenye kifuniko, huondokewa na hatari hiyo ya kichocho. Sabuni ya mche, iliyo kali, huyainua magamba ya nywele. Ni bora kutumia sabuni laini ya nywele, kidogo tu, na kusugua ngozi ya kichwa kwa ncha za vidole badala ya kucha. Ikiwa hapana ila sabuni ya mche, nywele zisuuzwe sana, kisha mara ya mwisho zisuuzwe kwa maji yaliyotiwa siki, kijiko kimoja kikubwa kwa lita 1. Siki hiyo hurudisha magamba yalale. Isiingie machoni, wala isitumiwe kwa mtoto mchanga au kichwa chenye vidonda.

Baada ya hapo ukaushaji wafuata kwa utaratibu huu:

Kwanza, nywele zitenganishwe zikiwa bado zimelowa na kuteleza, kwa vidole au kwa chanuo lenye meno mapana. Kazi ianzie kwenye ncha na kupanda kidogo kidogo kuelekea kichwani. Fundo lisivutwe, lishikwe kwa mkono mmoja na kufunguliwa kwa mwingine.

Pili, maji yakamuliwe kwa kubonyeza, wala si kwa kusugua. Taulo lenye vinyuzi vinene hukwangua magamba. Kitambaa laini cha pamba, kama vile kanga kuukuu, kitenge kilichofuliwa mara nyingi au fulana, hufaa zaidi. Nywele zikusanywe ndani ya kitambaa, zibonyezwe kutoka kwenye ncha kwenda juu, na kuachiliwa. Zoezi hilo lirudiwe hadi maji yaache kudondoka.

Tatu, matone mawili au matatu ya mafuta mepesi yasuguliwe viganjani na kupakwa kwenye ncha. Mafuta ya nazi yana sifa ya pekee: uchunguzi uliochapishwa na wataalamu wa India mwaka 2003 ulionyesha kwamba huingia ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini wakati wa kuosha. Mafuta mazito ya mgando hayafai kwa nywele nyembamba, maana huzilemea na kukusanya vumbi.

Nne, nywele zigawanywe kwa njia yake, mawimbi yakunjwe taratibu kwa kiganja, kisha mikono iondoke. Hapa ndipo wengi hushindwa. Kila mguso wa nywele zinazokauka huvunja mpangilio wake.

Tano, mwenye nywele akae kivulini penye upepo mwanana, barazani au chini ya mti. Jua kali la mchana huzifanya nywele kuwa kavu mno, na jiko la kuni huzitia moshi. Wakati wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba, kazi hii haina taabu. Wakati wa mvua, yafaa kuoshea kichwa asubuhi ya siku iliyo na mwanga, na mtoto akae ndani penye madirisha yaliyo wazi. Kuoshea jioni si kuzuri. Nywele hulaliwa mbichi, na mtoto aketiye nje usiku akingoja zikauke huumwa na mbu katika wilaya ambayo malaria huwasumbua watu mwaka mzima.

Sita, zikisha kukauka kabisa, zilegezwe kwa vidole tu. Kuzichana nywele za mawimbi zikiwa kavu ni kuzifumua upya.

Wapo wanaodhani kwamba mashine ya umeme ingemaliza taabu yote. Mashine ina msaada wake, lakini umeme si wa kutegemea daima. Mwaka 2024, ukame ulipopunguza maji ya Kariba, nyumba nyingi za Zambia zilikaa saa nyingi bila umeme. Hata hivyo isisemwe kwamba kukausha kwa hewa hakuna dosari yoyote. Watafiti wa Korea Kusini walichapisha mwaka 2011 matokeo ya kulinganisha njia hizo mbili. Joto kali la karibu liliharibu uso wa nywele. Lakini nywele zilizokaa na maji kwa muda mrefu zilipata madhara ya ndani. Funzo lake ni kwamba hewa iachiwe kazi ya mwisho tu. Maji mengi yatolewe mapema kwa kitambaa, wala nywele zisishinde mbichi kutwa.

Onyo hilo lawahusu hasa akina mama na akina dada waliovaa sare. Askari wa kike atakiwaye kuwa kazini alfajiri huoga, akafunga nywele mbichi kwa nguvu na kuzifunika kwa kofia. Chini ya kofia hiyo hakuna hewa ipitayo. Nywele hushinda na unyevu, na pale zilipokazwa, hasa pembezoni mwa paji la uso, huanza kunyofoka. Akiendelea hivyo kwa miaka, huenda zisiote tena. Ni afadhali aoshe kichwa siku ya mapumziko. Siku nyingine, ikiwa hana budi, azilowanishe kidogo kwa vidole na kuzifunga kwa kulegeza. Mikia ya mwanafunzi nayo isukwe nywele zikisha kukauka, tena isimvute ngozi. Mtoto akilalamika kwamba kichwa chauma, kusuka huko kumezidi.

Lakini katika habari hii ya nywele laini liko jambo moja kubwa kuliko urembo. Si kila ulaini ni wa kuzaliwa nao. Mtoto aliyekuwa na nywele nyeusi za kipilipili, kisha zikaanza kuwa nyembamba, kulainika, kunyooka na kugeuka rangi kuwa hudhurungi au nyekundu, hahitaji mafuta wala kitana. Huenda ana utapiamlo wa aina ya kwashiakoo. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana, ndiye aliyeujulisha ulimwengu wa tiba ugonjwa huo kwa jina hilo katika miaka ya 1930. Jina lenyewe ni la lugha ya Kiga, nalo lahusu maradhi ya mtoto aliyeondolewa ziwani kwa mamaye baada ya mdogo wake kuja.

Kuna njia za kutofautisha. Nywele laini za asili huwa zimeshika imara, na mwenye nazo hucheza na kula kama wenzake. Nywele za ugonjwa hung'oka kwa kuguswa, bila maumivu. Mara nyingine huwa na mistari ya weusi na wekundu kama bendera, kila mstari ukionyesha majira ya njaa au ya nafuu. Mtoto huwa mnyonge na mwenye kununa, ngozi humbanduka, na miguu yote miwili huvimba. Kidole kikibonyezwa juu ya wayo huacha shimo. Mtoto wa namna hiyo apelekwe siku ile ile kwenye zahanati au hospitali, kama ile ya St Paul's iliyoko Kashikishi. Huko hupimwa mzingo wa mkono. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, kipimo cha chini ya sentimita 11.5 ni dalili ya hatari kubwa, na uvimbe wa miguu yote miwili ni hatari hata kipimo hicho kikiwa kizuri.

Katika nchi ambayo chakula kikuu ni muhogo, ambao una protini haba, mtoto aliyeachishwa kunyonya hawezi kujengwa kwa uji wa muhogo mtupu. Hapo ndipo wale chisense wa ufukweni wanapohusika tena. Samaki waliokaushwa vizuri, wakatwangwa na kuchanganywa na uji, humpa mtoto protini ambayo muhogo haumpi. Karanga na maharage husaidia vilevile. Zambia hufunga uvuvi kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, na miezi hiyo ndiyo ya mvua. Mama mwenye busara hauzi chisense wote mwezi Novemba. Hutenga debe moja la wanawe.

Basi kabla ya kuzishika nywele laini za mtoto wake, mama na aulize kwanza kama ndizo alizozaliwa nazo. Zikiwa ndizo, azioshe asubuhi, azikamue kwa kanga, azipange mara moja, kisha aziache zikauke zenyewe. Zikiwa zimegeuka, asingoje hata siku moja kumpeleka mtoto kwa mganga wa zahanati.