Karatasi Nzito Isikunjamane

Mwanao akitaka kuchora kwa rangi za maji kuta za mawe za Thimlich Ohinga kule Migori, au mawingu juu ya ziwa huko Homa Bay, usidhani karatasi ya gramu 300 haikunjamani. Nyuzi zikilowa huvimba, rangi ikatuama mabondeni, na karatasi hiyo si ya bei ya daftari! Iloweke beseninì dakika chache, ichuruzike, ilaze juu ya ubao mnene, ubandike kingo zote nne kwa utepe wa karatasi wenye gundi ya kulowesha. Selotepu haishiki penye maji. Ikauke kivulini usiku kucha. Itakaza kama ngozi ya ngoma. Usiibandue mpaka picha nayo ikauke.