Gwaride Laonyeshwa, Kilio Chazimwa



Alfajiri ya tarehe 1 Juni 2016 tuliondoka hapa Kikopey, kabla majiko ya nyama hayajawashwa, tukaelekea Nakuru. Sikukuu ya Madaraka ilikuwa ikiadhimishwa nje ya Nairobi kwa mara ya kwanza, na uwanja wa Afraha ulifurika watu. Tulibeba kamera. Tuliwapiga picha askari wakipita kwa mwendo wa pole na wa haraka, tukaipiga bendi, tukampiga Rais akikagua gwaride. Hakuna aliyetudai kibali. Picha hizo tungali nazo, na twakiri kwamba zapendeza.

Lakini mwezi uliotangulia kamera nyingine zilikuwa kazini. Katika maandamano ya kudai mageuzi ya tume ya uchaguzi, polisi alinaswa jijini Nairobi akimpiga mateke mwandamanaji aliyekwisha kuanguka. Picha hiyo ilizunguka dunia, na mkuu wa polisi akalazimika kuagiza uchunguzi. Twauliza: ni ipi kati ya picha hizo iliyoionyesha Kenya? Twajibu: zote mbili. Na serikali haina haki ya kutuchagulia moja.

Miaka 9 baadaye, somo hilo lilikuwa bado halijaingia vichwani mwa wakubwa. Tarehe 1 Juni 2025 tulilitazama gwaride la Homa Bay, hatua kwa hatua, katika televisheni ya hoteli moja hapa kando ya barabara kuu. Tarehe 25 mwezi uo huo vijana nao walikuwa na maadhimisho yao: mwaka mmoja tangu wenzao walipopigwa risasi wakiupinga Mswada wa Fedha wa 2024. Nao pia waliandamana na bendera ya taifa. Safari hii Mamlaka ya Mawasiliano iliviamuru vituo vya redio na televisheni visitishe matangazo ya moja kwa moja, na baadhi ya vituo vikazimwa. Mahakama Kuu iliisimamisha amri hiyo siku iyo hiyo, lakini watu walikuwa wamekwisha kufa.

Tutaambiwa kwamba matangazo huchochea fujo. La hasha! Siku 8 kabla ya hapo, mchuuzi wa barakoa alipigwa risasi kichwani na polisi mchana kweupe jijini Nairobi. Kamera haikuifyatua risasi ile. Kamera ilishuhudia, na afisa mmoja akafikishwa mahakamani kwa shtaka la mauaji. Wangapi walipigwa pasipo kamera, na kesi zao ziko wapi?

Sisi ni watu wa sheria, na twaisoma Katiba nzima. Kifungu cha 9 kimeziweka siku za kitaifa. Kifungu cha 33 kimetupa uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari. Kifungu cha 34 kinaikataza serikali kuviingilia vyombo vya habari, na cha 37 kinalinda maandamano ya amani. Anayekiheshimu cha kwanza kwa mizinga na kuvikanyaga hivi vingine kwa buti hasherehekei uhuru, anajisherehekea mwenyewe.

Tulikwisha kuishi hivyo. Tangu kifungu cha 2A kilipotiwa katika Katiba mwaka 1982 hadi kilipofutwa Desemba 1991, taifa lilikuwa na chama kimoja na picha moja. Mapigano ya kikabila yalipozuka katika Bonde la Ufa, Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki wa Nakuru hakungoja idhini ili aseme aliyoyaona. Waumini wasisahau urithi huo, wala wasisahau kwamba nabii Amosi alizikemea sikukuu zisizo na haki.

Basi twendeni kwenye gwaride la Mashujaa Oktoba 20, na la Jamhuri Desemba 12. Tuwapigie makofi askari wetu, tuwapige picha. Lakini tukitoka uwanjani, kamera isirudi mfukoni. Andikeni tarehe, saa na mahali. Wekeni nakala kwa wakili na katika ofisi ya parokia. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sisi hatutamsaidia kuficha.