Luninga ya Banda la Gemu, na Laki Nne na Nusu za Vijana Wetu



Wapendwa wasomaji, tunawaomba radhi wale waliotarajia tuendelee na mada ya juma lililopita. Limetujia jambo jingine, tena la haraka. Jumapili, baada ya Misa ya pili, vijana sita walitufuata uani wakiwa na daftari la mahesabu. Wamepata PlayStation 4 iliyotumika, waliyoachiwa na ndugu yao afanyaye kazi Dodoma mjini. Wamechanga shilingi laki nne na nusu, fedha za alizeti na za vibarua vya kufyatua matofali. Wanakusudia kufungua banda la gemu hapa Busi, mechi moja kwa shilingi mia mbili. Kilichobaki ni luninga, na duka moja limewaahidi ya inchi 43, iliyoandikwa "4K", kwa laki nne na nusu kamili.

Hiyo "kamili" ndiyo iliyotutia wasiwasi.

Tuseme maoni yetu mapema ili asiyekuwa na nafasi asisome yote: wasiinunue. Wanunue ya inchi 32 ya kawaida kabisa, ambayo duka hilo hilo linaiuza kwa laki mbili na nusu, na salio walitumie kwa mambo ambayo muuzaji hakuwatajia. Tunajua wapo wazazi watakaoshangaa kwamba tunashauri namna ya kununua luninga ya gemu badala ya kuikemea gemu yenyewe. Mjadala huo ni halali, nasi tutaurudia siku nyingine. Leo tuna vijana sita walioweka akiba kwa miezi mingi bila kugombana, na hilo peke yake si jambo dogo.

Jambo la kwanza ni kwamba mashine ndiyo inayoamua luninga, wala si luninga inayoamua mashine. Picha inayoitwa 4K ina nukta 3840 kwa upana na 2160 kwa kimo. PlayStation 4 ya kawaida, iliyoanza kuuzwa mwaka 2013, hutoa picha isiyozidi nukta 1920 kwa 1080, yaani robo tu ya hizo. Robo tatu zilizobaki luninga hujibunia yenyewe. Anayemiliki PlayStation 4 Pro ya mwaka 2016 au PlayStation 5 ya mwaka 2020 ana hesabu nyingine. Vijana wetu hawanazo. Isitoshe, jicho la mwanadamu lina mipaka. Katika kioo cha inchi 43 chenye nukta 1920 kwa upana, mtu mwenye macho mazuri akikaa umbali wa kama mita moja na robo tatu hawezi tena kuitenganisha nukta na jirani yake. Watazamaji wa bandani hukaa nyuma zaidi ya hapo, wengine wakichungulia mlangoni.

Yatupasa kusema pia kwamba maandishi ya kwenye boksi si ushuhuda. Sisi wenyewe tuliwahi kununua luninga ya ukumbi kwa sababu boksi lilinadi "1080p". Baadaye fundi alitufafanulia kwamba maana yake ilikuwa luninga inaweza kuipokea picha ya namna hiyo. Kioo chenyewe kilikuwa cha nukta 1366 kwa 768, na picha iliyopokelewa ilipunguzwa ikatoshee. Hatukudanganywa kwa neno, tulidanganyika kwa kutouliza. Luninga nyingi za bei ndogo za inchi 32 ndivyo zilivyo, na kwa ukubwa huo hazina ubaya, mradi mnunuzi ajue alicholipia. Vivyo hivyo, namba kubwa za "Hz" zinazopambwa kwenye boksi hazimsaidii mwenye PlayStation 4, kwa maana mashine hiyo hupeleka katika luninga picha zisizozidi 60 kwa sekunde.

Lipo hata hivyo jambo ambalo haliandikwi kwenye boksi kabisa, nalo kwa mcheza gemu linapita yote: kuchelewa kwa picha. Mchezaji anabonyeza pedi ili apige mpira, mashine inaitika, luninga inaipokea picha, inaipaka rangi, inailainisha, ndipo inaionyesha. Kwa mwendo wa picha 60 kwa sekunde, kila picha moja ina nafasi ya milisekunde 17 hivi. Luninga ikichukua milisekunde 100 kuipamba picha, mchezaji yuko nyuma kwa picha sita. Golikipa amekwisha kuruka, naye bado anaona mpira mguuni mwa mshambuliaji. Atazamaye taarifa ya habari hatalijua hilo maisha yake yote. Kwa banda linalotoza mia mbili kwa mechi, wateja watalijua siku ya kwanza, na siku ya pili watakwenda kwingine.

Dawa yake mara nyingi imo ndani ya luninga yenyewe. Katika orodha ya mipangilio ya picha hutafutwa sehemu iliyoandikwa Game. Ikiwashwa, luninga huacha mapambo mengi na kuonyesha picha upesi zaidi. Si luninga zote za bei nafuu zenye sehemu hiyo. Kwa hiyo shauri letu ni kwamba mashine ibebwe hadi dukani, iunganishwe, na penalti zipigwe tano mbele ya muuzaji. Wakati huo huo kioo kioneshwe picha nyeupe tupu, ili mistari na nukta zilizokufa zijulikane kabla fedha haijatoka mfukoni. Muuzaji akikataa kujaribiwa, basi amekwisha kujibu.

Tumefika kwenye umeme, ambao hapa kwetu ndio mkubwa wa meza. PlayStation 4 hula kati ya wati 80 na 150 kutegemea toleo, na luninga ya inchi 32 kama wati 40. Tukichukua wati 150 kwa vyote viwili, kwa saa nane kila siku, ni uniti 1.2 kwa siku, yaani uniti 36 kwa mwezi. Nyumba itakayowapa vijana umeme imo katika daraja la matumizi madogo. Kwa bei zilizopangwa na EWURA mwaka 2016, daraja hilo hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi, kabla ya kodi. Karibu nusu ya uniti hizo nafuu zitaliwa na gemu. Mama mwenye nyumba ana haki ya kulijua hilo sasa, si atakapoona luku imekwisha katikati ya mwezi.

Kisha kuna umeme unaopanda na kushuka. Ile luninga yetu ya ukumbi haikuuona mwaka wa pili. Ilikufa jioni moja ya Februari, mvua ikinyesha, umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo. Hatukuwa tumenunua TV gadi kwa sababu fedha yote ilikwisha kwenye kioo. Kifaa hicho hukata umeme ukizidi au ukipungua mno, na husubiri kidogo kabla ya kuurudisha. Radi hakiizuii, ikinguruma, waya zote zichomolewe ukutani.

Tuliporudi kwenye daftari la vijana tukagundua jambo la kuchekesha kidogo. PlayStation yao ilikuja na pedi moja. Wangekuwa na inchi 43, na mechi ya mtu mmoja.

Wapo pia wasomaji wenye PlayStation 2 ya zamani nyumbani, ambao watoto wanawabembeleza kwa luninga mpya. Hao tunawaambia wasihangaike. Mashine hiyo ilitengenezwa enzi za luninga ya chogo, kwa waya za njano, nyekundu na nyeupe, na juu ya chogo picha yake hutokea papo hapo na kwa wororo ambao vioo vipya huuharibu. Chogo nyingi zimelala stoo tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa, Dar es Salaam ikitangulia tarehe 31 Desemba 2012, watu wakidhani hazina kazi tena. Zinayo. Ila asiifungue mtoto wala mtu asiye fundi, maana ndani hubaki umeme mkali hata ikiwa imechomolewa.

Vijana wametusikiliza, ingawa wawili bado wanaitamani ile kubwa, na hatuwalaumu, tuliiona, inapendeza. Wamekubaliana kupiga kura Jumatatu jioni. Jumanne tunapanda nao basi la Kondoa, PlayStation ikiwa ndani ya kikapu, imefungwa kwa kanga, pamoja na pedi yake moja.