Wepesi wa Kuchapa Kichina Si Hesabu ya Vidole Pekee

Tangu Taasisi ya Confucius ifunguliwe katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 2005, vijana wetu wengi wamejitosa katika kujifunza Kichina. Swali ambalo huwatatiza ni hili: lugha inayoandikwa kwa maelfu ya alama huchapwaje kwa kibodi yenye herufi 26? Na kati ya njia zilizopo, bora ni ipi?

Njia hizo ni za aina mbili kuu. Ya kwanza hufuata sauti. Mchapaji huandika matamshi kwa pinyin, tahajia ya Kilatini iliyoidhinishwa nchini China mwaka wa 1958, kisha huchagua alama katika orodha inayojitokeza. Ya pili hufuata umbo. Wubi, iliyobuniwa na Wang Yongmin na kutolewa mwaka wa 1983, huvunja kila alama vipande vipande, navyo vipande hivyo vimegawanywa katika vitufe 25. Hakuna alama inayohitaji kubonyeza zaidi ya mara nne.

Hebu tulitazame neno Zhongguo, yaani China. Kwa pinyin kamili, tutabonyeza mara nane kabla ya kuchagua. Kwa Wubi, mara nne tu: khlg. Isitoshe, Kichina sanifu kina silabi zipatazo 400 tukiacha toni, hivyo silabi moja kama shi huwakilishwa na alama chungu nzima. Mtumiaji wa pinyin hana budi kusita na kuchagua. Wa Wubi hasiti sana.

Mbona basi pinyin ndiyo iliyotapakaa? Kwanza, mtoto wa China huifahamu tangu shule ya msingi, ilhali Wubi humtaka akariri upya. Pili, programu za siku hizi hukisia maneno na hata sentensi nzima. Andika zg tu, na aghalabu Zhongguo hujitokeza. Ile kasi ya Wubi imekaribiwa bila jasho.

Hata hivyo, kasi si kipimo cha pekee. Pinyin humtaka mtu ayajue matamshi ya Kichina sanifu. Mkazi wa Hong Kong aliyelelewa kwa Kikantoni anaweza kutumia Cangjie, iliyobuniwa na Chu Bong-Foo mwaka wa 1976, ambayo hutazama umbo na haimuulizi anavyotamka. Pia, anayechapa kwa sauti huitambua alama akiiona, lakini halazimiki kukumbuka jinsi ilivyoundwa. Wachina wenyewe wana msemo, tibi wangzi: kushika kalamu na kuisahau alama.

Kwa maoni yangu, mwanafunzi wetu na atumie pinyin, kwani ndiyo atakayoimudu upesi. Lakini asidhani kwamba kuchagua alama kwenye orodha ni sawa na kujua kuiandika. Nanyi walimu, msiridhike na insha zilizochapwa pekee. Watahinini wanafunzi kwa kalamu na karatasi, alama kwa alama. Mbio za sakafuni, wahenga walisema, huishia ukingoni.