Hiyo Si Antilagi, Buda, Hiyo ni Kelele

Wasee, tuongee ukweli. Kila wikendi usiku kuna Subaru inapita Thika Road ikipiga risasi kwa ekzosi, halafu mwenyewe anaposti klipu akisema ameweka antilagi. Zi. Wengi wenu mmelipa fundi wa laptopu awaongezee petroli mkitoa mguu, ndio ilipukie nje. Tabo haipati kitu. Wanaopata ni vijana wa kona wenye simu.

Antilagi yenyewe ni kazi ya rali. Tabo huzungushwa na moshi wa injini. Dereva akitoa mguu kabla ya kona, moshi unapungua, tabo inapoa kasi, na akikanyaga tena lazima angoje. Kwa hivyo throto inashikiliwa wazi kiasi hata mguu ukitoka, ama hewa inapitishwa kando yake. Petroli inaendelea kuingia na spaki inacheleweshwa. Kawaida plagi hupiga kabla pistoni haijafika juu kabisa. Hapa inapiga ikiwa imeshaanza kushuka. Mchanganyiko unamalizia kuungua ndani ya manifoldi ya ekzosi, na hiyo nguvu inaendelea kuzungusha tabo. Mlio ni takataka tu ya hiyo kazi. (Niliacha chuo, najua, lakini hii ni fizikia ya sekondari.)

Joto la huo moshi linaweza kupita digrii 900. Manifoldi inapasuka, vali zinaungua, tabo inakufa mapema. Timu zinazokuja Naivasha, tangu Safari Rally irudi kwa ubingwa wa dunia 2021, zinakuja na mafundi, vipuri na bajeti. Wewe uko na EJ20 ya mtumba na loni ya simu.

Lakini injini ni yako, ichome. Shida yangu ni breki. Busta ya breki inategemea mvuto wa hewa kwenye manifoldi ya kuingiza, na huo mvuto unapatikana throto ikifungwa. Ishikilie wazi na mvuto unapotea. Pedali ya kwanza itashika kwa akiba iliyobaki, pengine na ya pili. Baada ya hapo inakuwa ngumu kama jiwe, na wewe uko Roysambu, kuna mama anavuka na watoto.

Mtaniambia niwache watu wafurahie gari zao. Sawa, pelekeni kwa mashindano, mahali hakuna mtu anavuka. Na kama kweli shida yako ni tabo kuchelewa, anza na paipu za hewa. Gari nyingi za mtumba zina paipu iliyopasuka ama klipu imelegea, busti inavujia hapo, na kurekebisha si bei. Ama shusha gia mapema, hiyo ni bure.

Ukienda kwa huyo fundi wako, muulize breki zitapata wapi mvuto. Akicheka, chukua funguo uende.