Sarafu kuukuu si lazima ipelekwe kwa wapimaji

Majuma machache yaliyopita, mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa pili aliingia ofisini mwangu akiwa na kitambaa kilichofungwa fundo. Alipokifungua nikaona senti kumi ya Afrika Mashariki, ile yenye tundu katikati ambayo wazee wetu waliiita peni. Ilikuwa ya mwaka 1936, nayo aliirithi kwa babu yake. Alikuwa amesikia kwamba sarafu ya mfalme aliyetajwa juu yake, Edward wa Nane, iliuzwa kwa pauni milioni moja mwaka 2020. Dalali mmoja alikuwa amemtaka shilingi elfu ishirini ili aipeleke Marekani ikapimwe na kutiwa daraja. Kwao walikuwa wamekwisha kubaliana kuuza ndama wapate fedha hizo, na karo ya muhula ilikuwa bado haijalipwa.

Kijana huyo alitaka nimsomee maandishi ya sarafu, basi. Nilimsomea, kisha nikamsihi wasimuuze ndama.

Nayaandika haya kwa sababu najua hayuko peke yake. Sarafu za kale zimo katika masanduku ya nyanya zetu na vibweta vya walimu wastaafu, na kila habari ya mnada wa ng'ambo huamsha matumaini mapya. Hapana ubaya kutumaini, lakini yafaa matumaini yatanguliwe na hesabu.

Kwanza tufahamu upimaji wenyewe. Mwaka 1949 Mmarekani William Sheldon alichapisha kipimo cha kukadiria hali ya sarafu, kianzacho 1 hadi 70. Sarafu iliyochakaa hata ikawa haitambulikani kwa urahisi hupata alama ya chini kabisa. Kuanzia 60 ni zile ambazo hazikupita mikononi mwa watu sokoni. Baadaye yalizuka makampuni ya kuifanya kazi hii kwa malipo, yajulikanayo zaidi yakiwa PCGS, iliyoanza mwaka 1986, na NGC ya mwaka 1987. Wapimaji hao huthibitisha kama sarafu ni ya kweli au ya bandia, huitia alama, kisha huifungia katika kijaluba cha plastiki.

Walimu wenzangu watatabasamu, kwa maana katika vyuo vikuu vyetu vingi mtihani wa mwisho wa muhula nao hutahiniwa kwa alama 70. Tofauti ni kwamba sarafu haina mtihani wa marudio. Iliyokwisha kuchakaa imechakaa, na ada ya mpimaji hulipwa vile vile.

Kwa hiyo mwenye sarafu na ajiulize maswali matatu kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Swali la kwanza: sarafu hii ni ipi hasa? Edward wa Nane alitawala muda usiotimia mwaka, akajiuzulu Desemba 1936. Kule Uingereza sarafu zenye sura yake hazikutolewa kwa umma, na ndiyo sababu zile chache zilizosalia zina bei ya kutisha. Lakini senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki hazikuwa na sura ya mfalme. Zilikuwa na jina lake tu likizunguka tundu. Zilipigwa kwa mamilioni, zikanunua chumvi na viberiti kote katika nchi zetu. Mfalme ni yule yule, sarafu ni nyingine kabisa. Hali kadhalika reali ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, iliyotumika sana pwani. Imeandikwa 1780, mwaka aliofariki malkia huyo, lakini iliendelea kupigwa kwa tarehe hiyo hiyo katika karne ya 19 na ya 20, Vienna na kwingineko. Aghalabu thamani yake haizidi sana ile ya fedha iliyomo. Uzee pekee haufanyi kitu kuwa adimu.

Swali la pili: iko katika hali gani? Hapa nina la kuungama. Nilipokuwa kijana nilipewa rupia ya mwaka 1888 yenye jina la Mombasa, iliyotolewa na ile Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki. Kwa bidii ya kijinga niliisugua kwa jivu na ndimu mpaka ikametameta. Sikujua kwamba nilikuwa nikiichuna ngozi yake. Sarafu iliyosuguliwa hurudishwa na wapimaji bila alama ya kawaida, ikiwa na maelezo tu kwamba imesafishwa, na wanunuzi huikwepa. Tafadhali, msisafishe.

Swali la tatu ni la hesabu. Jumlisha ada ya upimaji, posta ya kwenda na kurudi, na bima. Kisha linganisha bei ya sarafu bila daraja na bei yake ikiwa nalo. Ikiwa tofauti haizidi gharama, upimaji ni hasara. Peni iliyochakaa ya mwaka 1936 haiwezi kuilipia hata posta yake.

Zipo sarafu zinazostahili safari hiyo. Dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, ambayo Wajerumani waliipiga Tabora mwaka 1916 wakati wa vita, ni adimu na inatamaniwa na wengi, hata waghushi. Hapo hati ya mpimaji humlinda mnunuzi na muuzaji pia. Lakini mtu asisahau sheria. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inavihesabu vitu vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895 kuwa vya kale, na kuvitoa nchini kunahitaji kibali. Rupia ya 1888 imo katika hesabu hiyo. Dalali asiyekitaja kibali anakutia hatarini kwa malipo yako mwenyewe.

Isitoshe, iko thamani isiyotiwa alama na mpimaji yeyote. Nikiwa mwanaisimu, naona sarafu hizi zimeacha nyayo katika Kiswahili chenyewe. Pesa imetokana na paisa ya Bara Hindi. Hela ya ndugu zetu wa Tanzania ni Heller ya Wajerumani. Thumuni ni neno la Kiarabu, maana yake sehemu ya nane. Mwalimu mwenye peni moja darasani ana somo zima la historia na lugha mkononi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nilimwomba yule kijana aandike sarafu ile ilimfikiaje babu yake na ilinunua nini siku zile. Ameleta kurasa nne. Karo bado anahangaika nayo, na tumeanza kujaza fomu za msaada wa masomo. Lakini ndama yumo zizini, na ile peni imo katika bahasha kavu ya karatasi, haijasuguliwa.