Msianze Hadithi Katikati

Wenzetu wengi bwenini hushika kitabu cho chote cha picha kilicho karibu, wakatafuta kurasa za ngumi, kisha husema wamekwisha kumsoma Spider-Man. Mimi nasema hawajamsoma.

Peter Parker alibuniwa na Stan Lee na Steve Ditko, akatokea Agosti 1962 katika toleo la 15 la Amazing Fantasy. Alikuwa mwanafunzi wa sekondari kama sisi, mwenye miwani, achekwaye na wenziwe. Alimwacha mwizi apite, na mwizi yule yule akamwua Ben, ami yake aliyemlea. Gazeti lake mwenyewe lilianza 1963. Katika toleo la 28 alimaliza shule, na katika la 31 aliingia chuo kikuu, alikokuwako Gwen Stacy. Mfuate toleo baada ya toleo, utamwona akiuza picha apate fedha ya dawa ya mke wa ami yake. Basi Gwen afapo katika toleo la 121, mwaka 1973, utafunga kitabu unyamaze. Aliyeanzia hapo huona msichana aangukaye darajani, basi.

Wengine hujibu kwamba Superman husomeka po pote. Zile za zamani, naam, nyingi ziliishia mle mle. Lakini hata yeye, mwaka 1938, hakuweza kuruka angani kama ndege. Alichupa tu, kama panzi!

Matoleo hayo ya kale yamepigwa chapa upya, yakakusanywa kwa mpango wake. Wazee wetu mliosoma hapa, mwenye nayo na atuletee maktabani, ila asilete kitabu cha pili kabla ya cha kwanza.